Kujenga kigunduzi cha gesi Malindi: bomba moja, waya mmoja na hewa ya chumvi

Mwongozo huu ni wa wanafunzi wa fizikia na mafundi wa maabara za chuo wanaotaka kujenga kigunduzi cha chembe kwa mikono yao wenyewe, hapa Malindi, kwa vitu ambavyo vingi vyake vinapatikana kwa mafundi wa mjini. Tutajenga aina iliyo rahisi kuliko zote: bomba la alumini, waya mmoja katikati, gesi ikipita ndani. Vitabu vinaeleza vizuri yanayotokea ndani ya bomba. Habari za ufukweni havina: hewa yenye unyevu mwaka mzima, chumvi inayotua juu ya kila kitu, na volti 1,700 zinazotafuta njia ya kutorokea. Anayejenga Nairobi atahangaika na gesi. Wewe utahangaika na vizibo, kwa hiyo nitakaa sana hapo.

Uelewe kwanza unachojenga

Chembe yenye chaji ikipita kwenye gesi huacha nyuma yake msururu wa elektroni zilizong'olewa kwenye atomu. Katika argoni, kung'oa elektroni moja hugharimu wastani wa elektroni-volti 26, na muoni, chembe yenye chaji inayoshuka kutoka angani, huacha kama elektroni 100 kwa kila sentimita. Bomba letu lina kipenyo cha ndani cha milimita 24, basi tutapata elektroni 200 na ushei. Kiasi hicho ni kidogo mno kwa amplifaya ya kawaida.

Kazi ya kukuza hufanywa na waya. Nguvu ya uga wa umeme ndani ya bomba ni V ÷ (r × ln(b/a)). Humo a ni nusu ya kipenyo cha waya, b ni nusu ya kipenyo cha bomba, r ni umbali kutoka katikati. Weka volti 1,700 na waya wa mikromita 25 ufanye hesabu mwenyewe: ukutani utapata kama volti 200 kwa sentimita, na juu ya ngozi ya waya kama volti 200,000. Elektroni husafiri taratibu karibu njia nzima, kisha zikifika jirani kabisa na waya hupata nguvu ya kung'oa nyingine, nazo zikang'oa nyingine. Haya ndiyo maporomoko ya Townsend. Mia mbili zinakuwa milioni mbili, na uwiano unabaki: chembe iliyoacha elektroni nyingi hutoa mpigo mkubwa. Ukipandisha volti kupita kiasi uwiano unapotea, mipigo yote inalingana, na umejenga kihesabu cha Geiger bila kukusudia.

Mwanafunzi wa Malindi anayedhani haya ni mambo ya Geneva, kwenye maabara ya CERN, peke yake aambiwe habari ya Ngomeni, kaskazini mwa mji huu. Tarehe 12 Desemba 1970, kutoka jukwaa la kurushia roketi la San Marco lililoko baharini pale, ilirushwa setilaiti ya kwanza iliyotengenezwa mahususi kwa kuchunguza eksirei za angani. Iliitwa Uhuru, kwa kuwa siku hiyo Kenya ilikuwa ikisherehekea uhuru wake. Ilichokibeba ni vigunduzi vya gesi vya uwiano, ndugu wa hiki tunachojenga, vyenye madirisha membamba ya berili. Orodha yake ya mwisho ilifika vyanzo 339, na Riccardo Giacconi, aliyeongoza kazi hiyo, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2002.

Bomba

Nenda kwa fundi wa madirisha ya alumini au duka la fimbo za pazia. Tafuta bomba la duara lenye ukuta usiozidi milimita 1, ili beta zenye nguvu (elektroni za mionzi) ziweze kupenya. Kata sentimita 30, lainisha kingo kwa tupa.

Bomba za namna hii mara nyingi zimevikwa ngozi ngumu ya oksaidi kiwandani ili zisichakae. Ngozi hiyo haipitishi umeme. Ndani ya kigunduzi ioni zitatua juu yake zikakosa pa kwenda, zitarundikana, na kipimo chako kitayumba bila sababu unayoiona. Zungushia msasa kijiti, sugua ndani mpaka multimita ikuoneshe kuwa umeme unapita kutoka mwisho mmoja hadi wa pili. Osha kwa maji moto na sabuni, suuza kwa maji ya betri (si asidi) yanayouzwa petroli stesheni, malizia kwa spiriti ya isopropili. Usianike nje. Upepo wa bahari utakurudishia chumvi uliyoitoa. Kausha ndani, karibu na balbu yenye joto. Tangu hapo vaa glavu, maana jasho la kiganja nalo ni chumvi.

Vizibo

Hapa ndipo vigunduzi vya pwani hufia. Kizibo kinashika waya wenye volti 1,700, na kimezungukwa na bomba lenye sifuri, sentimita moja tu kati yao. Utando wa chumvi ukinyonya unyevu wa alfajiri unageuka njia ya umeme.

Uchaguzi wa plastiki una mitego. Ubao mweupe wa buchani ni kihami kizuri ajabu, lakini gundi ya epoksi haiushiki. Nailoni inakunywa maji. Mimi napendekeza perspeksi nene, ya wale wanaotengeneza mabango. Ukikosa nene ya kutosha agiza Mombasa. Ina sharti moja: usiipanguse kwa spiriti baada ya kukerezwa, itaota nyufa nyembamba. Sabuni na maji ya betri vinaitosha.

Fundi wa kerezo akukatie vizibo viwili, kila kimoja kiingie bombani milimita 15 kwa kubana, na kiwe na ukingo wa kukizuia kisizame. Upande wa nje mwombe achonge mifereji miwili ya mviringo kuzunguka kitovu, kila mmoja kina cha milimita 3. Vikombe vya kauri kwenye nguzo za umeme vina mikunjo kwa sababu hiyohiyo: umeme unaotambaa juu ya uso unalazimika kwenda mwendo mrefu zaidi.

Halafu kuna tobo la katikati, ambalo linaamua kama kigunduzi kitakuwa kizuri au la. Mazungumzo na fundi huwa hivi:

"Maalim, tobo dogo hivi la nini?"

"La waya, fundi. Wenyewe ni mwembamba kuliko unywele."

"Na kama siuoni, nitajuaje nimelenga katikati?"

"Usilenge wewe, lilenge kerezo. Toboa kabla hujakitoa kizibo kwenye meno yake."

Fundi mzuri atakuelewa papo hapo. Kizibo kikishatolewa na kurudishwa, kati yake imehama. Waya ukikaa upande, uga wa umeme hauwi sawa kuuzunguka, na ukuzaji unatofautiana kutoka pembe hadi pembe.

Ndani ya tobo hilo ingiza sindano mpya ya hospitali ya saizi 27, ile ambayo tundu lake ni kama milimita 0.2. Duka la dawa lolote unaipata. Kata ncha yake kali, sugua mdomo kwa msasa laini mpaka uwe mviringo, kwani ukingo wenye meno utakata waya na kurusha cheche. Ichomoze ndani ya bomba milimita 5. Kando yake, umbali wa milimita 8, pitisha kipande cha bomba jembamba la shaba la fundi wa friji: gesi iingie kwa kizibo kimoja, itokee kwa kingine. Gundi ni epoksi ya kuchanganya mbili. Silikoni ya kuzibia masinki usiikaribishe mezani kabisa. Mvuke wake hugandia kwenye waya wakati wa maporomoko na kuuzeesha.

Waya

Agiza waya wa tangsteni uliopakwa dhahabu, kipenyo mikromita 25. Dhahabu ina kazi: tangsteni tupu haikubali kulehemiwa. Wakati unausubiri, jifunze mkono kwa nyuzi za shaba zilizo ndani ya kebo ya spika za masikioni.

Fanya kazi hii usiku au dirisha limefungwa. Zima feni. Ndiyo, kwa joto la Malindi, zima feni. Tandaza buibui kuukuu mezani na laza tochi ubavu, mwanga ukatishe juu ya kitambaa. Waya usioonekana mchana utaona unang'aa kama mstari wa dhahabu, na kila mkunjo utauona kama nukta inayomweka. Sehemu yenye mkunjo itupe. Hainyooki.

Kizibo cha juu kiwe kishagundishwa, na bomba lisimame wima kwenye kishikio. Pitisha waya kwenye sindano ya juu, bandika kipande kidogo cha selotepu kwenye ncha kiwe uzito, uache ushuke polepole hadi utokee chini. Ondoa tepu, tunga kizibo cha pili kwenye waya kama ushanga, kisukume mpaka kikae, kipake epoksi ukiache kishike. Lehemu waya juu, kwenye kipande kidogo cha shaba ulichogundisha kwenye uso wa kizibo. Chini fungia chubwi la mvuvi la gramu 50. Tangsteni ya unene huu inabeba mzigo huo bila shida, na inanyooka barabara.

Acha chubwi litulie kabisa ndipo ulehemu chini. Kisha tone la epoksi kwenye kila mdomo wa sindano, lizibe gesi, na jingine lifunike lehemu yote, ncha za waya zisichomoze, kwa sababu kila ncha iliyo wazi itavuja umeme hewani. Chubwi likatwe kesho yake.

Gesi

Argoni peke yake haitoshi. Katika maporomoko, atomu za argoni hutoa mwanga wa urujuanimno, mwanga unafika ukutani, unang'oa elektroni mpya, na moto unaendelea usizimike. Inahitajika gesi ya pili yenye molekuli za kuumeza mwanga huo. Mchanganyiko mashuhuri ni argoni 90 kwa methani 10, ila methani inawaka. Katika chumba cha chuo tumia kabonidioksaidi. ATLAS, jaribio kubwa la CERN, hutumia argoni 93 na kabonidioksaidi 7 kwenye bomba zake za muoni, basi hutakuwa umejishusha.

Habari njema ni kwamba mafundi wa kuchomelea vyuma hutumia mchanganyiko wa gesi hizohizo, mara nyingi karibu na 80 kwa 20. Wauzaji wa gesi wanauita gesi ya MIG. Soma karatasi ya mtungi, usiridhike na jina, kwa sababu wako wanaochomelea kwa kabonidioksaidi tupu. Mtungi usiupakie bodaboda. Chukua pikapu, ulale umefungwa, kofia ya vali iwe juu yake. Maabarani ufunge mnyororo ukutani na madirisha yawe wazi. Argoni haina harufu na ni nzito kuliko hewa. Inajaa chini ya chumba kimyakimya.

Kutoka regyuleta (kifaa cha kupunguza mgandamizo kwenye mtungi) hadi kigunduzi tumia bomba la shaba au nailoni ngumu. Mipira laini inayopitisha mwanga, ile ya matangi ya samaki, inapitisha pia unyevu na kutoa mvuke wa plastiki. Upande wa kutokea, gesi ipite kwenye chupa yenye sentimita 2 za mafuta ya cherehani. Mapovu yatakuonesha mwendo, na mafuta yatazuia hewa kurudi ndani.

Kabla ya volti yoyote, pima uvujaji. Chukua bomba laini lililopindwa kama herufi U lenye maji ya rangi, unga upande wa kutokea, sukuma gesi mpaka maji yapishane sentimita 10, funga vali. Yakibaki hapo dakika kumi, endelea. Yakishuka, chunguza mdomo wa sindano kwanza. Oksijeni ni adui wa kweli hapa: inakamata elektroni njiani kabla hazijafika kwenye waya, na kiasi kidogo tu kinatosha kuzima mipigo.

Ujazo wa bomba letu ni kama sentimita za ujazo 136. Kwa mwendo wa sentimita za ujazo 30 kwa dakika, dakika 45 zinasafisha mara kumi. Kwa bomba jipya mimi huiacha usiku kucha.

Umeme mkubwa

Volti chanya ziende kwenye waya, bomba liungwe ardhini, ili unachoweza kukigusa kiwe sifuri. Kati ya chanzo na waya weka rezista ya megaohm 10. Kutoka kwenye waya mpigo utoke kupitia kapasita ya nanofaradi 1 inayovumilia volti 3,000 au zaidi, uingie kwenye amplifaya ya chaji. Hayo yote yafungie ndani ya kopo la bati la biskuti lililoungwa na bomba, maana simu na taa za LED zinapiga kelele kuliko muoni. Chanzo cha umeme kiwe na kikomo cha mikroampea chache. Ukizima, ngoja dakika nzima, kisha gusisha waya ardhini kwa rezista iliyofungwa kwenye fimbo ya plastiki. Kapasita haisahau upesi.

Panda kwa hatua za volti 100 hadi 1,000, halafu 50 kwa 50. Tazama ampea zinazovuja. Zikizidi nanoampea chache kabla mipigo haijaanza, zima, osha uso wa vizibo upya, kausha, funika kwa koti jembamba la vanishi ya kuhami ya mafundi wanaosuka mota. Usiku zima taa usikilize: ukisikia mchirizo mwembamba, kuna ncha umeiacha wazi. Kila kizibo kivishe kikombe cha plastiki chenye silika jeli, na ikibadilika kutoka buluu kwenda waridi ikaushe kwenye oveni. Ratiba ya kubadilisha jeli hiyo iandikwe ukutani. Msimu wa mvua za masika utaifuata mara nyingi.

Mipigo na hesabu

Kati ya volti 1,400 na 2,000, kulingana na mchanganyiko wako, osiloskopu itaanza kuonesha mipigo. Ya kweli huja ovyoovyo, saizi mbalimbali. Inayokuja kwa mpangilio, hamsini au mia kwa sekunde, ni umeme wa ukutani; jaribu kuendesha vyombo kwa betri ya gari uone kama itakwisha.

Usikimbilie chanzo cha mionzi. Nchini Kenya vyanzo hivyo viko chini ya Mamlaka ya Udhibiti wa Nyuklia, na chuo kinahitaji kibali. Anga inakupa bure: usawa wa bahari hupita kama muoni moja kwa kila sentimita ya mraba kwa dakika, na bomba letu likilala lina eneo la sentimita za mraba 72. Utarajie kama 70 kwa dakika kutoka angani, ukijumlisha na miale ya gama ya udongo na kuta. Hapo nyumba zetu za mawe ya matumbawe zina faida, kwani mawe ya chokaa kwa kawaida yana urani na toriamu kidogo kuliko mawe ya matale (graniti).

Andika idadi ya dakika tano kwa kila volti 50, uchore. Mstari utapanda, utalala kidogo, kisha utapaa. Fanya kazi pale ulipolala. Na ukihesabu 400, kosa lake ni kama 20 juu au chini, yaani kipeuo cha pili cha idadi; tofauti ndogo kuliko hiyo usiitolee hadithi.

Ukitaka kitu cha kupima, tafuta utambi wa zamani wa karabai. Aina nyingi za zamani zilitiwa toriamu. Za siku hizi mara nyingi hazina, na kigunduzi chako ndicho kitakachoamua. Uuache ndani ya mfuko wake wa plastiki, usiusage wala kuupuliza. Mbolea ya kloridi ya potasiamu nayo hutoa beta. Mchanga mweusi mzito unaoachwa na mawimbi ufukweni unastahili kupimwa pia, kwa kuwa madini kama monaziti hubeba toriamu. Chuo kikiwa na kibali cha chuma-55, chanzo cha mionzi kinachotoa eksirei, utaona kilele cha elektroni-volti 5,900 na kidogo chake karibu na 3,000, eksirei ya argoni ikiwa imetoroka. Upana wa kilele kikubwa ukiwa asilimia 20 au chini, waya wako uko katikati. Ila kwa chanzo hicho toboa dirisha ukutani mwa bomba ulifunike kwa karatasi nyembamba ya alumini, kwa sababu eksirei hizo hazivuki milimita ya chuma wala ya alumini.

Kila kipimo kiandikwe na joto la chumba na mgandamizo wa hewa. Baadhi ya simu zina baromita. Gesi ikipungua uzito kwa asilimia 1, ukuzaji hupanda kati ya asilimia 5 na 8. Chumba kilichokuwa na nyuzi 26 asubuhi kikifika 32 mchana, gesi imepungua asilimia 2, na wewe utadhani umegundua kitu.

Bomba la pili

Ukishakuwa na moja lililotulia, jenga la pili, uliweke juu ya la kwanza, na uhesabu tu pale yote mawili yanapopiga kwa pamoja. Mwanafizikia Bruno Rossi alitengeneza sakiti ya namna hii mwaka 1930. Wewe utaifanya kwa chipu moja ya mantiki na bodi ya Arduino. Gama za ukutani zitaachwa nje, zitabaki muoni. Elektroni hupita milimita 12 za gesi kwa muda unaotofautiana, kwa hiyo dirisha la muda lisiwe chini ya mikrosekunde moja au mbili.

Kutoka hapo njia inaelekea kwenye fremu yenye waya nyingi, ile aliyoibuni Georges Charpak mwaka 1968 na kumpatia Nobel mwaka 1992, na ambayo jamaa zake hutumika leo katika maabara ya iThemba LABS, Afrika Kusini, kufuatilia chembe zinazotoka kwenye spektromita ya K600, kifaa cha kupima nishati ya chembe. Kazi yake ni hii hii ya sindano, chubwi na tochi, ikirudiwa mara mia, waya zikiachana milimita 2. Fremu hiyo usiianze kabla bomba zako mbili hazijakaa wiki nzima, usiku na mchana, ampea zinazovuja zikiwa palepale.